Sanduku gani kwa ordinatere yako?

Vijana wa Salamabila, wa Lusangi, wa Wamaza na wa Kabambare kwenyewe, ukurasa huu ni wenu. Baba na mama nao wasome, sababu mara nyingi mfuko unaofunguka ni wao.

Munajua namna mambo iko sasa kwenye machimbo yetu. Kijana akipata kidogo, hataki tena kurudi shimoni. Anataka kufungua sekretaria ndogo: meza moja, ordinatere, mashine ya kuchapa, mtu anakuja kuandikisha barua ao ombi la kazi, mwingine anatia nyimbo katika simu, mwingine anatafuta picha ya kitambulisho. Ni kazi safi, na kwenye senta za wachimbaji haikosi watu. Basi anauliza: ninunue ya kubeba, ao niunge mimi mwenyewe ile ya mezani, kipande kwa kipande? Na nikiunga, nitie vipande ndani ya nini?

Tuseme ukweli tangu mwanzo. Kama kila mwezi unahama kutoka kareri moja kwenda nyingine, nunua ya kubeba na umpe jirani ukurasa huu. Lakini kama uko na nyumba, na mlango unaofungwa, ile ya mezani iko na faida moja kubwa: kipande kikikufa, unabadilisha kile kipande tu. Hautupi mashine nzima kwa sababu ya klavie.

Sasa sanduku, ile wanaoita boatie. Watu wengi wanalichagua kwa macho. Wanaona kioo ubavuni, taa nyekundu na za buluu ndani, wanalipa. Sanduku haliongezi nguvu ya ordinatere hata kidogo, na taa zile zinakula kura yako bure. Kazi ya sanduku ni kushika vyombo visitikisike, kuvipitishia hewa, na kuvizuia na maji, panya na mikono ya watoto. Ukilipima kwa kazi hiyo, mara nyingi lile la bei ya chini, jeusi, lisilo na uzuri wowote, ndilo linashinda.

Usianze na sanduku. Anza na karte mere, ule ubao mkubwa unaobeba vyote. Mwaka 1995 kampuni Intel ilitoa kipimo kinachoitwa ATX, na hata leo masanduku mengi ya dunia yanakifuata. Karte ya ATX nzima iko na milimetri 305 kwa 244. Ile wanaoita micro-ATX haipiti 244 kwa 244. Iko na ndogo zaidi, mini-ITX, iliyotolewa na kampuni VIA mwaka 2001: 170 kwa 170 tu. Matundu ya visi yamepangwa kwa akili, hata sanduku kubwa linaweza kupokea karte ndogo. Sanduku dogo halitapokea karte kubwa, hata ukisukuma namna gani. Basi azima ule utepe wa fundi wa nguo, upime ubao wako mbele ya kutoa falanga.

Na hapa angalia sana. Vipande vingi vinavyofika kwetu ni vya mashine zilizokwisha kutumika Ulaya ao kwingine, za makampuni makubwa kama Dell na HP. Mara nyingi makampuni haya yanajifanyia kipimo chao wenyewe: matundu mahali pengine, alimantasio ya umbo lingine, waya wa kuwashia ulio tofauti. Ukitoa ubao ndani ya mashine ya namna hiyo, unaweza kukuta hauingii katika sanduku lolote la sokoni. Heri ununue mashine hiyo pamoja na sanduku lake, hata kama limekwaruzwa.

Ndani ya sanduku utaona viguu vidogo vya shaba vinavyobeba karte. Kila tundu la karte linataka kiguu chake, na pasipo tundu kiguu kitolewe. Kiguu kimoja kilichosahauliwa kikigusa mgongo wa ubao, kura inapita mahali pasipo pake. Hapo mashine itakataa kuwaka, ao ubao utaungua.

Wauzaji wengine wanakupa sanduku ambalo alimantasio iko tayari ndani. Ile alimantasio ndiyo inageuza kura ya 220 kuwa kura ndogo za ordinatere. Ishike mkononi. Kama imeandikwa wati 500 lakini ni nyepesi kama kopo tupu la maziwa, usiamini maandishi. Kwa maoni yangu sanduku na alimantasio vinunuliwe mbali mbali, na kama pesa ni kidogo, punguza kwenye sanduku. Alimantasio nyingi za zamani ziko na kiswichi chekundu mgongoni chenye namba 115 na 230. Kikiwa kwenye 115 nawe ukachomeka kura ya kwetu, utasikia mlipuko, na jioni hiyo hakuna kazi tena.

Tuje kwenye adui mkubwa: vumbi. Wakati wa kiangazi, toka mwezi wa sita mpaka wa nane, nani kati yetu hajui vumbi jekundu la njia ya Kasongo? Pikipiki moja ikipita, meza yote inabadilika rangi. Ordinatere inavuta hewa saa zote inapofanya kazi, maana inaogopa joto, na kile kilichomo hewani kinaingia pamoja nayo. Vumbi linalala juu ya vyuma vya kupoza, linakuwa kama blanketi. Joto linapanda, vantilatere zinazidi kupiga kelele, mwisho mashine inajizima katikati ya barua ya mteja.

Kuna siri ndogo ambayo mafundi wanaijua. Kama vantilatere zinazotoa hewa nje ziko na nguvu kuliko zile zinazoingiza, sanduku linavuta hewa kwa kila ufa: kwenye viungo, kwenye nafasi za nyuma, kwenye tundu la USB. Vumbi linaingia popote. Lakini ukiweka mbili mbele za kuingiza na moja tu nyuma ya kutoa, hewa inajaa ndani, nayo inatoka yenyewe kupitia zile nyufa. Hapo vumbi linabaki na mlango mmoja tu, ule wa mbele, na ule mlango unauwekea kichujio. Basi tafuta sanduku lenye nafasi ya vantilatere mbili za milimetri 120 mbele, zenye kichujio unachoweza kuvuta kwa mkono na kukiosha kwa maji. Za milimetri 120 ni nzuri kuliko ndogo za 80, sababu zinasukuma hewa ile ile zikizunguka polepole, bila kelele nyingi. Kichujio kikikosa, soksi nyembamba za kike, zile za kupanda mpaka kiunoni, zikivutwa vizuri juu ya fremu zinasaidia. Neti ya mbu haitoshi, matundu yake ni makubwa kwa vumbi la kwetu.

Wakati wa kiangazi fungua na kusafisha kila majuma mawili. Zima, chomoa waya, tumia brashi laini na pompi ya kinga. Usipulize kwa mdomo, mate yanakwenda pamoja na pumzi. Na shika mabawa ya vantilatere kwa kidole yasizunguke wakati wa kupuliza. Masanduku mengi ya leo yanaweka alimantasio chini kabisa, ikivuta hewa kupitia tumbo la sanduku. Ukiliweka juu ya udongo, inakunywa udongo. Weka juu ya meza ao ubao ulioinuka. Na nyinyi wamama, kile kitambaa kizuri cha kushona munachopenda kufunika juu ya mashine: kifunike kweli, lakini nyuma ya kuizima na kupoa.

Nyuma ya sanduku kuna vibati vyembamba vinavyoziba nafasi za kadi. Katika masanduku ya bei ya chini unavivunja, na ukikosea hakuna vya kurudisha. Usivunje kile usichohitaji. Mende na panya wa kwetu wanapenda nyumba yenye joto, na panya hachagui kati ya muhogo na waya.

Na kioo? Ubavu wa kioo ni mzuri mjini. Kioo hicho kimefanywa kigumu kwa moto, lakini kona yake ikigonga simenti, chote kinavunjika vipande vidogo vidogo. Fikiri sasa safari ya pikipiki kutoka Kasongo, ao kutoka Baraka kupitia Fizi, na ile matope ya mvua. Chagua ubavu wa chuma. Bonyeza kwa kidole gumba: kama bati linazama kama kopo la nyanya, liache. Pitisha kidole polepole kwenye kingo za ndani. Kama zinakata, zitakukata kila siku ya kusafisha. Njiani sanduku litumike kama valizi: litangulie tupu, limejazwa nguo, na karte mere isafiri katika mfuko wake mkononi mwako.

Labda unasema: haya yote ni maneno ya watu wenye dola. Basi sikiliza habari ya bidoni.

Mwaka 2011, kule Paris, wanafunzi wa shule ya ufundi ENSCI walianza kuunga ordinatere ndani ya bidoni ya plastiki ya litri 20, ile ile tunayochotea maji. Wakaiita Jerry. Wanachukua karte mere, diski na alimantasio za mashine zilizotupwa, wanakata bidoni upande mmoja ifunguke kama mlango, wanafunga vyombo ndani kwa kamba za plastiki, wanatia programu za bure za Linux. Wazo hilo halikubaki Ulaya. Lilifika Afrika, kwa vijana wa WoeLab huko Lomé katika Togo, na Abidjan vilevile. Tazama, bidoni ambayo mama anaitupa kwa sababu imepasuka chini, inakuwa nyumba ya ordinatere!

Kwetu bidoni hazikosi. Lakini kama ilibeba mawese, osha kwa maji ya moto na sabuni mara nyingi, ianike juani siku kadhaa, maana mafuta yanashika vumbi na kulifanya tope. Pima ndani mbele ya kukata. Bidoni hazilingani zote, na karte ya ATX nzima inaweza kukusumbua. Micro-ATX inaingia kwa raha zaidi. Toboa matundu mengi chini upande mmoja na juu upande mwingine, sababu hewa ya moto inapanda. Alimantasio ibaki ndani ya kisanduku chake cha chuma, usiifungue kamwe: ndani yake kura inabaki hata nyuma ya kuchomoa. Plastiki haipitishi kura, na hiyo ni nzuri, lakini inalainika kwa joto na inawaka moto. Usiache mashine ya bidoni ikifanya kazi usiku nyumba ikiwa imelala.

Kuna jambo lingine wachache wanalifikiri. Chuma kinazuia mawimbi yanayotoka ndani ya ordinatere. Plastiki na mbao haziyazuii. Ukiweka bidoni yako karibu na foni ya misioni ao radio ya baba, watasikia mngurumo. Isogeze mbali. Mimi ningesema: bidoni kwa kujifunza na kwa shule, chuma kwa mashine ya kuleta chakula nyumbani. Fundi seremala naye anaweza kukutengenezea la mbao, linapendeza, ila mambo ya moto na mawimbi ni yale yale.

Neno dogo kwa wale waliotoa jasho lao kwenye kasiterite. Risasi inayochomelea vipande juu ya karte za leo, kwa sehemu kubwa, haiko risasi tena. Namna moja inayotumika sana iko na etaini 96.5 kwa mia, na etaini inatoka katika kasiterite, kama ile ya Kalima na Punia. Koltani nayo inatoa tantali ya vipande vidogo vya kutunza kura. Hakuna anayeweza kukuambia kama ile yako ilitoka kwetu. Lakini jiwe hili si geni katika sanduku hilo.

Mwisho ni kura. Wengi wetu tuko na pano za jua ao grupe. Mashine ndogo ya ofisi inaweza kula wati 60, ekra 20: jumla 80. Saa tano za kazi ni wati-saa 400, na ukihesabu zile konvertisere inazopoteza, weka 470. Batri ya risasi ya volti 12 na amperi-saa 100 iko na 1200 kwa maandishi, lakini usiimalize kupita nusu, maana itakufa upesi. Unabaki na 600. Inatosha. Ongeza karte kubwa ya michezo na taa za rangi, haitoshi tena. Kwa sababu hiyo sanduku dogo la mini-ITX, lenye kulishwa na kisanduku cha volti 19 kama ile ya kubeba, linafaa sana kwa nyumba ya pano moja.

Ukimaliza kuunga, usifunge ubavu mara moja. Washa, kata ukanda mwembamba wa karatasi ya daftari, uushike mbele ya kila vantilatere. Mbele uvutwe kuelekea sanduku, nyuma usukumwe. Ikiwa moja inafanya kinyume, zima, chomoa, igeuze, ujaribu tena. Kisha funga visi.