Kwizi ya takwimu haimalizwi na kalkuleta

Hapa Oman wiki ya skuli huanza Jumapili, kwa hivyo Jumamosi usiku ndio usiku wa heka heka majumbani. Saa tatu imeshapiga, ndio kwanza kijana wa darasa la kumi anakumbuka kwamba kesho kuna kwizi ya takwimu. Daftari linafunguliwa juu ya meza ya chakula, simu iko pembeni, mama anauliza, "Umesoma?" na mtoto anajibu, "Nimesoma." Jamaa wa Dubai na London, usiku wenu huo ni Jumapili, lakini mambo ni yale yale.

Jibu la "nimesoma" huwaridhisha wazazi wengi. Mimi nimefundisha hesabu zaidi ya miaka thelathini, na neno hilo mpaka leo linanitia wasiwasi. Hesabu haisomwi kama gazeti. Na takwimu, katika hesabu zote, ndiyo inayowahadaa watoto zaidi, kwa sababu inaonekana nyepesi. Kujumlisha, kugawa, kuchora vigingi, basi. Halafu matokeo yanarudi, watu wanashangaa.

Tangu nistaafu, jamaa na majirani huniletea watoto wao nikae nao kidogo kabla ya mitihani. Juzijuzi mama mmoja alikuja na karatasi ya mwanawe. Mahesabu karibu yote yalikuwa sawa, lakini kijana alipata 11 kwa 20. Kila mwalimu alipoandika "eleza" au "toa sababu", mtoto aliandika namba tu, au aliacha wazi. Mama yake alishaanza kuulizia mwalimu wa tuisheni wa kulipwa kwa saa. Nikamwambia, "Subiri kwanza, mwanangu. Huyu hesabu anaijua. Kinachomshinda ni kusema namba yake ina maana gani."

Akanijibu neno ambalo nimelisikia katika nyumba nyingi: "Sasa Mwalimu, sisi tutamsaidia vipi? Yeye anasoma kwa Kiingereza, na sisi tuna Kiswahili chetu hiki cha nyumbani." Hapo ndipo penye jambo ninalotaka kuwaambia leo. Kiswahili cha nyumbani kinatosha kabisa kwa kazi hii, na aliyekaa jikoni anaweza kumsaidia mtoto hata kama hajawahi kushika kitabu cha takwimu.

Namba moja, maana mbili

Chukua swali la kawaida la kazi ya nyumbani. Watoto saba wameulizwa wanatumia dakika ngapi kufika skuli. Majibu yao ni 10, 12, 12, 15, 18, 20 na 60.

Kutafuta wastani, unajumlisha unapata 147, unagawa kwa 7, unapata 21. Mediani, yaani namba ya katikati ukishazipanga kutoka ndogo hadi kubwa, ni 15. Modi, ile inayojirudia zaidi, ni 12. Hapo kalkuleta imeshamaliza kazi yake, na mtoto anataka kufunga daftari. Lakini swali halijaisha. Mstari wa mwisho unauliza: ni kipimo gani kinachowakilisha vizuri zaidi safari za watoto hawa, na kwa nini?

Hebu tutazame. Watoto sita kati ya saba hufika kabla ya hizo dakika 21. Mmoja tu, tuseme anatoka Quriyat na wenzake wote wanakaa Maskati, ndiye aliyeuvuta wastani juu. Mtoe huyo mmoja, wastani unaporomoka kutoka 21 hadi 14.5. Mediani inashuka kidogo tu, kutoka 15 hadi 13.5. Kwa hivyo jibu linalopata alama zote ni sentensi: "Mediani inafaa zaidi, kwa sababu dakika 60 za mtoto mmoja zimeupandisha wastani, na watoto wengi hawatumii muda huo."

Sentensi hiyo haina hesabu ngumu. Mtu yeyote aliyewahi kusikia mishahara ikizungumzwa barazani anaielewa. Ofisi ina watu kumi, bosi anachukua fungu kubwa, halafu unaambiwa "wastani wa mshahara hapa ni mzuri." Mzuri kwa nani?

Mitihani ya nje inataka jambo hilo hilo. Marekani kuna kozi ya AP Statistics kwa wanafunzi wa sekondari, ambayo mtihani wake ulianza mwaka 1997. Katika maswali yake ya kuandika, namba iliyoachwa peke yake, bila kuhusishwa na habari iliyotolewa kwenye swali, haipati alama kamili. Uingereza, watoto wa A-level wanaofuata bodi ya Edexcel hupewa mapema mkusanyo mkubwa wa takwimu za hali ya hewa za mwaka 1987 na 2015, kutoka vituo kama Heathrow na Leeming, na pia miji ya nje kama Beijing na Perth. Wanatakiwa waujue mkusanyo huo kabla ya kuingia mtihanini, maana wataulizwa namba hizo zinasema nini juu ya mvua na joto la mahali hapo.

Kutazama jibu si kujua

Sasa tuje kwenye namna ya kujiandaa. Watoto wengi wakisema wamesoma, maana yake wamelitazama daftari. Wanapitia mfano ambao mwalimu aliufanya ubaoni, kila hatua wanaiona ina mantiki, wanatikisa kichwa. Kesho wakipewa karatasi tupu, mkono hauendi.

Mwaka 2006 watafiti wawili wa Marekani, Henry Roediger na Jeffrey Karpicke, walitoa jaribio lao juu ya jambo hili. Wanafunzi walipewa vifungu vya kusoma. Kimoja wakakisoma tena, kingine wakaambiwa waandike wanachokikumbuka bila kutazama. Baada ya dakika tano, kile kilichosomwa mara mbili kilikuwa mbele. Baada ya wiki moja mambo yakageuka: katika kile walichojijaribu walikumbuka kiasi cha asilimia 56 ya yaliyomo, na katika kile walichorudia kusoma asilimia 42. Ndiyo maana mtoto hudanganyika. Usiku ule ule anajiona anajua, na kweli anajua, kwa usiku ule.

Mimi nilisoma skuli ya sekondari ya misheni, pwani ya Kenya, miaka ya 1970. Kalkuleta hatukuwa nazo, tulikuwa na kitabu cha logi na penseli. Padri aliyetufundisha alikuwa na desturi moja: ukishamaliza swali, unafunika daftari, unasimama, unawaeleza wenzako ulichofanya. Ukikwama, unakaa chini na kulianza swali upya. Tulimwona mkali, lakini wengi wetu tuliopita mkononi mwake tukawa walimu, na darasani tukafanya vile vile.

Siku hizi simu inaupiga picha ukurasa, na jibu linashuka na hatua zake zote. Sisemi simu itupwe. Nasema mtoto ajaribu kwanza kwa mkono wake, hata akosee, kisha asahihishe kwa simu. Akianza na simu, kazi ya nyumbani imefanywa na simu, na kwenye kwizi simu haingii.

Kwa kwizi ya Jumapili, mpango wangu ni huu. Alhamisi, kazi ya nyumbani ifanywe yote, na kila swali lililomtatiza alitie alama ya nukta. Ijumaa baada ya chakula cha mchana, maswali yenye nukta tu, kwenye karatasi safi, daftari limefungwa. Jumamosi, maswali matano ya mada zilizochanganywa, dakika 25 kwa saa, na kalkuleta ile ile atakayoingia nayo darasani. Kuchanganya mada ni muhimu. Ukifanya maswali kumi ya mediani mfululizo, hujifunzi kutambua ni lini mediani inahitajika. Kisha mtoto alale mapema.

Mahali alama zinapopotea

Kuna makosa ambayo kila mwaka niliyaona yale yale. La kwanza, mtoto anatafuta mediani bila kuzipanga namba. Anachukua iliyokaa katikati ya orodha kama ilivyoandikwa, na kila kinachofuata kinaharibika.

La pili ni mkengeuko sanifu, kipimo kinachoonyesha namba zimetawanyika kiasi gani kutoka kwenye wastani. Madarasa mawili yanaweza kuwa na wastani mmoja na hali tofauti kabisa. Darasa moja wamepata 6, 7, 7, 7 na 8. Jingine wamepata 2, 5, 8, 10 na 10. Wastani kote ni 7, lakini mkengeuko wa darasa la kwanza ni kama 0.63, na wa pili ni kama 3.1. Mwalimu wa darasa la pili ana kazi, kuna mtoto pale amepata 2. Sasa, kalkuleta humpa mtoto majibu mawili ya mkengeuko: moja lenye alama ya herufi ya Kigiriki sigma, ni la kundi zima, jingine lenye herufi s, ni la sampuli, ambapo hugawanywa kwa idadi iliyopunguzwa moja. Kwa darasa la pili, la sampuli linakuwa kama 3.46. Mtoto asome swali vizuri: hawa ni watu wote, au ni wachache waliochaguliwa kuwawakilisha wengine?

La tatu ni histogramu yenye vigingi vya upana tofauti. Watoto 20 wanatumia dakika 0 hadi 10, na watoto wengine 20 wanatumia dakika 10 hadi 30. Wengi huchora vigingi viwili vya kimo kimoja. Hapana. Kinachohesabiwa ni eneo la kigingi, kwa hivyo unagawa idadi kwa upana: cha kwanza kimo chake ni 2, cha pili ni 1.

La nne ni kusema kitu kimoja kimesababisha kingine kwa sababu tu vimepanda pamoja. Hapa Maskati, miezi ya joto bili ya umeme hupanda na mauzo ya maji baridi hupanda. Hakuna atakayesema maji ya chupa yameongeza bili. Joto limevipandisha vyote viwili.

Na la tano, mtoto hachori. Mwaka 1973 mwanatakwimu Francis Anscombe alitengeneza mafungu manne ya namba, kila moja lina nukta 11. Ukiyapigia hesabu, wastani ni ule ule, nguvu ya uhusiano ni ile ile, kiasi cha 0.82, na hata mstari unaopita katikati ya nukta ni ule ule. Ukiyachora, moja limetawanyika kuufuata mstari, la pili limepinda kama upinde, la tatu limenyooka isipokuwa nukta moja iliyotoka nje, na la nne limesimama wima na nukta moja iko mbali peke yake. Kalkuleta haikuona tofauti hiyo, lakini jicho huiona mara moja.

Maswali matatu ya mama na bibi

Turudi kwa yule mama. Nilimpa maswali matatu ya kumuuliza mwanawe, kwa Kiswahili, kila akimaliza swali. Namba hizi ni za nani na zimepatikanaje? Jibu lako lina maana gani kwa watu hao? Kuna namba yoyote hapo iliyokaa vibaya kuliko wenzake?

Mwanzo si rahisi. Kijana atasema, "Mama, huelewi." Mwambie, "Ndiyo, sielewi, ndiyo maana nakuuliza." Akiweza kumfahamisha mtu asiyejua, basi yeye anajua. Akibabaika, amejua Jumamosi pale alipokwama, na nafasi ya kuparekebisha bado anayo. Akishaisema sentensi yake kwa Kiswahili, aiandike kwa Kiingereza au Kiarabu cha skuli. Fikra ikishakaa sawa, kuihamisha ni kazi ndogo.

Mnaweza kuanza na namba za kwetu wenyewe. Sensa ya Tanzania ya mwaka 2022 ilihesabu watu 61,741,120, na wastani wa watu katika kaya moja ulikuwa 4.3. Muulize mtoto: nyumba yenye watu 4.3 iko wapi? Nyumba ya bibi yako Unguja ina watu tisa, je, sensa imekosea? Mwache ajibu. Atafika mwenyewe kwenye maana ya wastani, na meza nzima itachangia, maana kila mtu ana nyumba anayoijua.

Yule kijana na bibi yake mzaa mama sasa wana kikao chao cha Ijumaa. Bibi hajui Kiingereza, lakini ameshajua kuuliza, "Na huyu wa dakika 60 anatoka wapi?" Kwizi iliyopita kijana alipata 16 kwa 20. Alama nne alizopoteza zilikuwa za histogramu, na Ijumaa hii watakaa nayo.