Leseni ya Kutibu na Ruhusa ya Kuandika Dawa: Ufafanuzi kwa Watumishi na Wananchi

Mwananchi anapoingia katika kituo cha afya, kwa kawaida humwita kila aliyevaa koti jeupe kwa jina moja tu: daktari. Ni heshima nzuri na hakuna anayeikataa. Hata hivyo, mbele ya sheria waliovaa makoti hayo si watu wa daraja moja. Yupo daktari, yupo tabibu, yupo muuguzi, yupo mkunga, yupo mfamasia na yupo fundi wa maabara. Kila mmoja amesomea lake, na ana mpaka wake katika dawa anazoruhusiwa kuziandika au kuzitoa. Malalamiko mengi yanayosikika vituoni, kwamba muuguzi "amekataa" kuandika dawa au kwamba mwenye duka "ameringa" kuuza, asili yake ni kutofahamika kwa mipaka hiyo. Ukurasa huu unakusudia kuieleza.

Kwanza ieleweke kuwa Afya si miongoni mwa mambo ya Muungano. Zanzibar ina Wizara yake ya Afya, Baraza lake la Madaktari, Baraza lake la Wauguzi na Wakunga, na Wakala wake wa Chakula na Dawa. Daktari aliyesajiliwa Tanzania Bara na Baraza la Madaktari Tanganyika, hata akiwa bingwa mwenye sifa kubwa, usajili wake huo peke yake haumpi haki ya kufungua kliniki Mwanakwerekwe au Chake Chake. Hana budi kupita katika Baraza la hapa. Na daktari wetu akivuka bahari naye hutakiwa vivyo hivyo. Sharti hili linawagusa pia wageni. China imekuwa ikileta timu za madaktari wake Zanzibar tangu miaka ya 1960, na wamekuwepo pia madaktari wa Cuba; hao huja kwa makubaliano baina ya Serikali na Serikali. Lakini siku hizi huja pia wanaojitolea kwa wiki chache, pamoja na wanafunzi wa udaktari kutoka vyuo vya Ulaya wanaopenda kujifunza kazi katika hospitali zetu. Kwa hao wa mwisho jambo liko wazi: mwanafunzi ni mwanafunzi. Anatazama, anauliza, na anafanya kazi chini ya macho ya mkubwa wake. Sahihi yake haiandiki dawa, hata ikiwa katika kituo chote hakuna mwengine anayesema Kiingereza kwa ufasaha kama yeye.

Utaratibu wa kuwa na daftari la madaktari wanaotambuliwa tumeurithi kutoka Uingereza, ambayo ilikuwa mlinzi wa Zanzibar tangu mwaka 1890 hadi 1963. Huko Uingereza kwenyewe, Sheria ya Madaktari ya mwaka 1858 ndiyo iliyoanzisha Baraza na daftari moja la nchi nzima, ili, kwa maelezo ya sheria yenyewe, mtu anayehitaji msaada wa tiba aweze kumpambanua aliyehitimu na asiyehitimu. Shabaha ilikuwa ni kumlinda mgonjwa, ambaye hana njia ya kumpima daktari wake kabla hajalala mbele yake. Inafaa tuikumbuke shabaha hiyo, kwa sababu wapo wanaodhani kuwa usajili ni ada na mihuri tu.

Sasa tuje kwenye jambo lenyewe. Mara nyingi maneno usajili, leseni na ruhusa ya kuandika dawa huchanganywa kana kwamba ni kitu kimoja. Usajili ni uthibitisho kuwa mtu amesoma na amehitimu: shahada au stashahada yake imetazamwa, na kama ni daktari, amekamilisha mafunzo ya vitendo chini ya usimamizi. Leseni ni idhini ya kuifanya kazi hiyo kwa kipindi kinachotajwa, nayo huhuishwa. Mtu anaweza kubaki na jina lake katika daftari na huku hana idhini ya kutibu, ama kwa kustaafu, ama kwa kusimamishwa. Uingereza ilivitenga vitu hivi viwili mwaka 2009, na tangu mwishoni mwa mwaka 2012 daktari wa huko hutakiwa kuthibitisha upya kila baada ya miaka mitano kuwa bado anaifahamu kazi yake.

Ruhusa ya kuandika dawa ni jambo la tatu, na ndilo lenye matatizo zaidi. Haitegemei mtu peke yake. Inategemea dawa yenyewe, na inategemea pia mahali. Sheria ya Chakula, Dawa na Vipodozi ya Zanzibar, Namba 2 ya mwaka 2006, ndiyo msingi wa udhibiti wa dawa hapa kwetu. Zipo dawa ambazo mtu anaweza kuzinunua mwenyewe, kama zile za kutuliza maumivu madogo. Zipo dawa za cheti, ambazo hazitoki dukani bila ya maandishi ya anayeruhusiwa. Na zipo dawa zenye udhibiti maalumu, kama mofini na pethidini, ambazo nchi inawajibika kwazo hata mbele ya mataifa mengine kwa Mkataba wa Umoja wa Mataifa wa mwaka 1961. Juu ya hayo, orodha za dawa muhimu huonyesha dawa ipi iwepo kituo kipi. Tanzania Bara hutumia herufi kuanzia A kwa zahanati hadi S kwa mabingwa. Kwa hivyo tabibu yule yule aliyezoea kuandika dawa fulani alipokuwa hospitali anaweza kuhamishiwa kituo cha kijiji na akaikosa dawa hiyo katika orodha ya kituo. Hakushushwa cheo, ni kwamba kituo hakina maabara wala kitanda cha kumwangalia mgonjwa dawa ikimdhuru.

Huenda msomaji akauliza: ukali wote huu ni wa nini? Jibu liko katika historia yetu wenyewe ya malaria. Kwa miaka mingi klorokwini ilikuwa dawa ya kila nyumba. Ilinunuliwa dukani pamoja na sukari na majani ya chai, ikamezwa vidonge viwili leo na kimoja kesho, homa ikishuka basi. Usugu wa vimelea dhidi ya dawa hiyo ulianzia Asia ya Kusini-Mashariki mwishoni mwa miaka ya 1950, ukafika Afrika Mashariki mwishoni mwa miaka ya 1970, na matumizi yasiyo na kipimo yakaupa nafasi ya kuenea. Uchunguzi uliofanywa Zanzibar ulionyesha kuwa dawa hiyo inashindwa kwa kiasi cha asilimia 60 ya wagonjwa. Mwaka 2001 Serikali iliamua kuiacha, na mwaka 2003 dawa mseto zenye asili ya atemisinini zikaanza kutolewa bila malipo katika vituo vya Serikali. Pamoja na vyandarua na upuliziaji dawa majumbani, malaria ilishuka kwa kiwango ambacho wazee wetu wasingekisadiki. Lakini vimelea vyenye dalili za kuanza kuihimili atemisinini vimekwisha kuonekana Rwanda, Uganda na mkoani Kagera, Tanzania Bara. Dawa iliyofuata klorokwini tulikuwa nayo. Itakayofuata hii ya sasa haimo kabatini.

Hali ya dawa za kuua bakteria ni ya kutisha zaidi. Utafiti wa kimataifa uliotolewa mwaka 2022 ulikadiria kuwa watu milioni 1.27 walifariki duniani mwaka 2019 kutokana moja kwa moja na bakteria waliokuwa sugu kwa dawa. Mwenye duka anayekataa kuuza amoksilini bila cheti hamnyimi mteja haki yake. Anamwekea mtoto wa jirani dawa itakayomfaa.

Hata hivyo, haitakuwa haki kuueleza upande mmoja tu. Mpaka uliowekwa mahali pasipostahili nao unaua. Tuchukue visiwa vidogo kama Kojani, Fundo au Kisiwa Panza, usiku, upepo umechafuka na mashua haziwezi kuvuka. Mzazi amejifungua na damu haikatiki. Aliyepo ni mkunga peke yake. Ikiwa itasemwa kuwa oksitosini haiguswi mpaka daktari aandike, mama huyo atakuwa amekufa kabla kalamu haijapatikana. Ndiyo maana miongozo ya uzazi humruhusu mkunga aliyefunzwa kutoa dawa hiyo bila kumngojea mtu, na kumpa mwenye kifafa cha mimba dozi ya kwanza ya magnesiamu salfeti kabla ya kumsafirisha. Katika hali hizo mwongozo wenyewe ndio unaosimama mahali pa cheti: umeandikwa na wataalamu mapema, na umetaja ni nani, ni dawa gani, ni kiasi gani na baada ya hapo nini. Mkunga anayefuata mwongozo hajavuka mpaka wake. Wakubwa wa kazi wanaowahoji wakunga kwa kutumia dawa hizi wanapaswa kulifahamu hilo vyema.

Shirika la Afya Duniani lilitoa mwaka 2008 mapendekezo juu ya kugawana kazi baina ya kada, likizingatia uhaba wa madaktari. Mfano mzuri zaidi uko kwa jirani zetu wa Uganda. Wagonjwa wa saratani vijijini walikuwa wakifa katika maumivu makali, kwa kuwa mofini iliandikwa na madaktari nao walikuwa mjini. Mwaka 2004 Uganda ilibadilisha kanuni zake na kuwaruhusu wauguzi na matabibu waliopata mafunzo maalumu ya kuwahudumia wagonjwa hao kuandika mofini ya kunywa. Baadhi ya nchi tajiri zilisita kufanya hivyo kwa wakati ule. Kwa maoni ya mwandishi wa ukurasa huu, somo la Uganda ni kwamba ruhusa ilifuata mafunzo, si mafunzo kufuata ruhusa. Na walioruhusiwa walitambuliwa mmoja mmoja, si kada nzima kwa mkupuo.

Hapa kwetu mfano wa karibu ni methadoni. Tangu mwaka 2015 dawa hiyo hutolewa katika hospitali ya Kidongo Chekundu kwa waliokuwa wakitumia heroini. Mgonjwa hafungiwi dozi za wiki nzima akaenda nazo nyumbani kama vidonge vya presha. Huanza kwa kunywa kila siku mbele ya mtoa dawa. Wapo wanaoona hayo kuwa ni dharau. Lakini dozi ya mtu mmoja aliyeizoea yatosha kumwua mtoto aliyeikuta juu ya meza.

Na lisidhaniwe kuwa hatari hutoka kwa wasiosoma tu. Harold Shipman alikuwa daktari kamili, mwenye leseni, mpendwa wa wagonjwa wake katika mji wa Hyde, Uingereza. Mwaka 1976 alitiwa hatiani kwa kughushi vyeti vya pethidini alizokuwa akijidunga mwenyewe. Akatozwa faini, akaonywa, akarejea kazini. Januari 2000 alihukumiwa kwa mauaji ya wagonjwa 15, na tume iliyoundwa baadaye ilibaini kuwa waliouawa walifika kiasi cha 215. Aliwadunga dawa ya jamii ya mofini, aliyoipata kwa vyeti vyenye sahihi yake halali. Baada ya hapo Uingereza ilitunga sheria mwaka 2006 ya kuweka maofisa wa kusimamia dawa za aina hiyo katika taasisi za afya. Kwa hiyo mtunza ghala wa hospitali anapomtaka daktari mkuu ajaze daftari la dawa zenye udhibiti, na arejeshe chupa tupu, asionekane mjeuri. Daftari hilo halina mkubwa wala mdogo.

Limebaki suala la maduka ya dawa. Mwaka 2003 Tanzania Bara ilianzisha mkoani Ruvuma utaratibu wa Duka la Dawa Muhimu, ambapo watoa dawa walipewa mafunzo na kuruhusiwa kuuza baadhi ya dawa za cheti, ili watu wa vijijini wasitegemee maduka yasiyo na mjuzi. Ni utaratibu wenye busara, kwa kuwa uliikubali hali halisi na kuiwekea kanuni. Kisichokubalika popote ni duka kuwa na chumba cha nyuma ambamo muuzaji hupima, huandika na kuuza kwa mkono mmoja. Anayeandika akawa ndiye anayepata faida ya kuuza, cheti hurefuka.

Cheti kilichotimia huwa na jina na umri wa mgonjwa, na uzito wake ikiwa ni mtoto, tarehe, jina la dawa lenyewe badala ya jina la kibiashara, kiasi, mara ngapi na kwa siku ngapi, jina linalosomeka la aliyeandika, kada yake na sahihi yake. Mwenye duka ana wajibu wa kukirejesha kisichosomeka, na mgonjwa asimkasirikie. Mgonjwa naye ana haki ya kuuliza jina na kada ya anayemhudumia, na kuiona leseni ya kliniki binafsi ikiwa imetundikwa mahali pa wazi. Mwenye shaka juu ya mtu aulize kwa Mrajis wa Baraza linalohusika; mwenye shaka juu ya dawa au duka aulize kwa Wakala wa Chakula na Dawa. Kliniki na hospitali za watu binafsi zinasimamiwa na Bodi yake. Waganga wa tiba asili nao wana Baraza lao, na usajili wao hauwaruhusu kutoa dawa za hospitali, wala kupiga sindano.