Sembe tunakula sisi, lishe wanakula kuku

Pita kwenye mashine yoyote ya kukoboa na kusaga nafaka, utaona magunia mawili. Moja lina unga mweupe pee, ambao mama ataupeleka nyumbani kwa familia yake. La pili ni la pumba, na mfugaji analisubiri nje kwa ajili ya kuku na ng'ombe wake. Katika mgao huo, aliyepata chakula bora zaidi ni kuku.

Punje ya mahindi ina ganda lenye nyuzinyuzi, na kiini chenye mafuta, vitamini za kundi B na madini kama chuma na zinki. Sehemu kubwa iliyobaki ni wanga. Tukikoboa tunaondoa ganda na kiini, tunabaki na wanga. Ngano na mpunga navyo tunavifanyia hivyo hivyo.

Madhara yake yalianza kujulikana zamani. Miaka ya 1890, daktari wa Kiholanzi, Christiaan Eijkman, akiwa Batavia (Jakarta ya leo), aliona kuku waliolishwa wali mweupe wakilegea miguu na kushindwa kusimama. Walipopewa mchele usiokobolewa, wakapona. Ugonjwa huo ulifanana na beriberi iliyokuwa ikiua watu huko, na baadaye ikabainika kuwa chanzo ni kukosekana kwa vitamini B1, ambayo ilikuwa ikitupwa pamoja na pumba. Mwaka 1929 Eijkman alipewa Tuzo ya Nobel.

Leo tatizo letu kubwa ni kisukari. Wanga uliokobolewa huyeyuka haraka tumboni na kuwa sukari, sukari ikajaa kwenye damu kwa mkupuo, na kongosho likalazimika kutoa insulini nyingi. Mambo yakiwa hivyo kila siku kwa miaka mingi, hasa kwa mtu mwenye kitambi anayeshinda amekaa, kisukari hakiko mbali. Nyuma yake huja figo kushindwa kazi, macho kupoteza nuru na vidonda vya miguu vinavyoishia kukatwa mguu.

Kula unga usiochekechwa si jambo geni kwetu Waislamu. Imepokewa katika Sahih Bukhari kuwa Sahl bin Saad (r.a.) aliulizwa kama zama za Mtume (s.a.w.) walikuwa na chekeche. Akajibu kuwa Mtume hakuliona tangu alipopewa Utume hadi alipofariki. Alipoulizwa basi walikulaje shayiri, akaeleza kuwa waliisaga na kuipuliza, yakapeperuka ya kupeperuka, na kilichobaki wakakikanda. Hatusemi kuchekecha ni haramu, lakini wapo kati yetu wanaoona haya kumpa mgeni ugali wa dona, eti ni chakula cha jela na shule za bweni!

Hata kwa mfuko, dona ina nafuu. Gharama ya kukoboa haipo, na debe lile lile la mahindi linatoa unga mwingi zaidi. Ila mambo mawili yaangaliwe. Kwanza, kiini kina mafuta, hivyo unga wa dona huharibika mapema. Saga wa wiki moja au mbili tu. Pili, chagua mahindi makavu, uyapembue na kutupa yote yaliyoota ukungu au kuvunda. Sumukuvu haiondoki kwa kupika, na kwenye punje hukaa zaidi sehemu za ganda na kiini. Mwaka 2016 iliua watu Dodoma na Manyara. Mahindi ukiyatilia shaka, usiyale, yawe dona au sembe.

Ugali wa mtama, uji wa ulezi na chapati za unga wa ata navyo ni vizuri. Kwenye mkate uwe mwangalifu, maana mingine ni ya unga mweupe uliotiwa rangi. Soma karatasi yake: kitu cha kwanza kutajwa kiwe ngano nzima.

Anayependa wali asiuache, apunguze. Nusu ya sahani iwe mboga, robo wali, robo maharage, kunde, choroko au samaki. Hata dona ikijazwa mlima hupandisha sukari.

Futari ya asili ya mihogo, magimbi, viazi vitamu na mbaazi haina ubaya ikichemshwa na kuliwa kwa kiasi. Tulichoiongezea ndicho kinachotuumiza: tambi na kaimati zilizolowa sukari, na soda juu yake. Chupa ya mililita 300 ya soda ya kola ina takriban vijiko vinane vya chai vya sukari. Shirika la Afya Duniani linashauri mtu mzima asizidi vijiko 12 hivi kwa siku, na ni bora zaidi visifike sita. Chupa moja imeshavuka sita, kabla ya chai na kaimati. Fungua kwa tende chache na maji, na tunda lile lenyewe badala ya juisi yake.

Mgonjwa anayetumia insulini au vidonge vya kushusha sukari azungumze na daktari wake kabla ya kubadilisha chakula ghafla, kwani dozi iliyopangwa kwa sinia la wali inaweza kuwa kubwa mno kwa sahani ndogo ya dona, na sukari kushuka kupita kiasi ni hatari ya haraka.