Nani Hafiki Zahanati?

Je, zahanati ikijengwa, watu wote watatibiwa? Hapana. Wapo wanaobaki nje ya mlango. Leo tuwatazame Waroma wa nchi ya Romania, huko Ulaya.

Mababu wa Waroma walitoka India miaka 1,000 hivi iliyopita. Huko Romania walikuwa watumwa mpaka mwaka 1856. Utumwa ulikwisha, lakini dharau haikwisha. Wengi wao ni maskini. Wengine hawana maji ya bomba nyumbani. Mwaka 2021 Umoja wa Ulaya ulichunguza hali ya Waroma katika nchi kadhaa. Ilionekana kuwa wanawake Waroma huishi miaka 11 pungufu ya wanawake wengine. Wanaume huishi miaka 9 pungufu.

Kwa nini? Jambo moja huzaa jingine. Mtoto asipoandikishwa anapozaliwa, hana cheti. Akikua hana kitambulisho. Bila kitambulisho ni vigumu kupata bima ya afya na kuandikishwa kwa daktari. Tena mtu aliyedharauliwa hospitalini mara moja haendi mara ya pili. Basi watoto hawachanjwi. Surua ikija, inawakuta wao kwanza.

Serikali ilifanya nini? Katika miaka ya 1990 chama cha Waroma kilianza kuwafundisha wanawake Waroma kazi ya upatanishi wa afya. Mwaka 2002 Wizara ya Afya iliifanya kazi hiyo kuwa ya serikali. Mpatanishi hupita nyumba kwa nyumba. Husaidia kutafuta vyeti. Huwahimiza wajawazito wapimwe na watoto wachanjwe. Humweleza daktari shida za watu, na watu huwaeleza maneno ya daktari. Wanamwamini kwa kuwa ni mwenzao.

Mwaka 2009 kazi hiyo ilikabidhiwa halmashauri. Baadhi ya halmashauri hazikuwaajiri wapatanishi, na idadi yao ikapungua. Kwa hiyo mpango mzuri hautoshi. Lazima pawe na mshahara na usimamizi.

Ndugu wasomaji, mimi ni mganga wa zahanati. Humtibu anayekuja. Asiyekuja simwoni. Je, kijijini kwako ni nani asiyekuja? Ni mzee asiyeweza kutembea? Ni mama anayechekwa kwa nguo zake? Ni mgeni asiyejua lugha yetu? Mtembelee. Mlete. Nasi waganga tumpokee kwa heshima.

Dawa ya kwanza ni kumheshimu mgonjwa.