Nyumba nje ya Houston: kabla ya kufurahia bei, uliza aliyelipia mabomba

Nyumba mpya huko Katy au Cypress, nje ya mipaka ya Houston, inauzwa dola 300,000. Inayofanana nayo ndani ya jiji ni dola 330,000. Familia nyingi zinazozungumza Kiswahili zilizohamia Texas hukimbilia ya kwanza, na huenda zikawa sahihi. Lakini bei haisemi yote.

Mahali ambapo mabomba ya jiji hayafiki, mwenye mradi wa nyumba huomba iundwe wilaya ya maji, maarufu kama MUD. Yeye hutanguliza fedha za maji safi, majitaka na mifereji ya mvua, kisha wilaya huuza hatifungani na kumrudishia. Deni hilo hulipwa na wenye nyumba kupitia kodi ya mali, kwa miaka mingi. Bili ya maji ya kila mwezi nayo inabaki palepale.

Tuchukue mfano wa MUD changa inayotoza senti 90 kwa kila dola 100 za thamani: hizo ni dola 2,700 kwa mwaka. Mwenye nyumba ya jijini hadaiwi hiyo, ila analipa kodi ya jiji, ambayo miaka ya karibuni imekuwa kama senti 52. Tukiweka kando misamaha, ni dola 1,716. Kodi za shule na kaunti wanalipa wote wawili. Basi wa nje analipa kodi zaidi kwa kama dola 82 kwa mwezi. Lakini wa jijini amekopa dola 30,000 zaidi, na kwa riba ya asilimia 7 kwa miaka 30 hizo humgharimu karibu dola 200 kwa mwezi. Wa nje bado ana nafuu. Tofauti ya bei ikiwa dola 10,000 tu, nafuu hiyo haipo tena.

Kinachoumiza familia zaidi ni mwaka wa pili. Texas huthamini mali kwa hali yake ya Januari 1, hivyo nyumba iliyokamilika Juni yaweza kutozwa mwaka huo kama kiwanja kitupu. Benki ikipanga makato kwa kodi hiyo ndogo, mwaka unaofuata malipo yanapanda ghafla, na pengo la nyuma linadaiwa juu yake. Itake benki ikokotoe kwa thamani ya nyumba iliyokamilika.

Sheria inamtaka muuzaji akukabidhi notisi ya wilaya kabla hujafungwa na mkataba. Linganisha hatifungani zilizoidhinishwa na zilizokwisha kuuzwa: zilizobaki ni deni linaloweza kuja. Tazama pia viwanja vitupu. Nyumba zikiongezeka, walipaji huongezeka na kiwango kwa kawaida hushuka. Ujenzi ukikwama, wachache wanabeba deni lote.

Kama unatarajia kuhama baada ya miaka michache, ningekushauri MUD kongwe ambayo deni lake limepungua. Ofisi ya uthamini ya kaunti huonyesha kila chombo kinachotoza kodi kwenye anwani husika. Itazame kabla ya kutoa arbuni.