Transista "Pacha" au "Jozi Linganifu"?

Mafundi wa sinthesaiza, yaani ala ya muziki inayounda sauti kwa umeme, huhitaji transista mbili zenye tabia moja. Je, tuziite "transista pacha"? Kwa maoni yetu, la.

Katika ala za aina aliyoanza kuunda Robert Moog nchini Marekani mwaka 1964, volti 1 huipandisha sauti okteva 1. Sakiti ya osileta huipunguza volti hiyo hadi milivolti 18 hivi kabla haijafika kwenye transista. Hivyo nusu toni ni milivolti 1.5 tu. Lakini joto likizidi digrii 1 ya Selsiasi, volteji kati ya besi na emita hupungua kwa milivolti 2 hivi. Transista ikiwa peke yake, ala hupotoka zaidi ya nusu toni. Ya pili hulifuta kosa hilo, mradi zifanane na zishiriki joto moja. Ndiyo maana fundi huzipima kwa mkondo uleule, huchagua zisizopishana zaidi ya milivolti 2, kisha huzibandika pamoja.

"Pacha" hudokeza kuzaliwa pamoja. Hata hivyo, transista zilizotengenezwa siku moja huweza kutofautiana; kilichozioanisha ni kipimo, si asili. Twapendekeza basi "jozi linganifu", na kitendo kiwe "kuoanisha". Neno "pacha" tuliwekee zile mbili zilizoumbwa katika kipande kimoja cha silikoni: hizo ndizo zilizozaliwa pamoja.