Chimbeni Kabla ya Kusaini

Serikali inapotaka kujenga mahakama katikati ya jiji, sheria huitaka kwanza ifanye tathmini ya athari kwa mazingira. Utaratibu huu ulianzia Marekani, kwa Sheria ya Sera ya Taifa ya Mazingira iliyotiwa saini Januari 1, 1970, na tangu hapo umeenea duniani. Kenya iliuingiza katika sheria yake ya mazingira ya 1999, Tanzania katika ile ya 2004. Wananchi wengi huiona tathmini hiyo kuwa kitabu kinene cha kumridhisha ofisa ili kibali kitoke, na mara nyingi hawakosei. Lakini dawa ya tatizo hilo haiko katika kuongeza kurasa wala katika kutafuta wataalamu wenye shahada kubwa zaidi. Iko katika tarehe. Tathmini iliyoandikwa wakati mwenye mradi bado anaweza kubadili nia ni chombo cha kufanyia uamuzi. Iliyokamilishwa huku kila mtu akijua kwamba kiwanja kitanunuliwa tu na ujenzi utaanza tu, hata ikiwa na ukweli mtupu ndani yake, haina pa kuupeleka ukweli huo.

Mradi wa Foley Square, New York, unaonyesha jambo hili wazi kuliko miradi mingi. Serikali ya shirikisho ilikuwa imebanwa na ufinyu wa nafasi kusini mwa Manhattan, na idara yake ya majengo ya umma, GSA, ikapanga majengo mawili ndani ya mradi mmoja: mahakama mpya katika 500 Pearl Street, na jengo la ofisi la ghorofa 34 katika 290 Broadway, mwendo mfupi kwa miguu kutoka hapo. Desemba 1990 ilinunua ardhi hiyo kutoka kwa Jiji la New York kwa dola milioni 104. Tathmini ilikuwa imefanywa, na walioifanya walikuwa wamepekua ramani za kale. Ramani ya katikati ya karne ya 18 iliwaonyesha bila kificho kwamba kiwanja cha Broadway kiliingia ndani ya makaburi ya Waafrika. Kanisa la Trinity lilikuwa limewapiga marufuku Waafrika kuzikwa katika uwanja wake mwaka 1697, kwa hiyo watumwa na weusi walio huru wakawa wanawazika watu wao nje ya mji, hadi makaburi yalipofungwa 1794. Kwa makadirio ya watafiti, eneo hilo la ekari zaidi ya 6 lilipokea maiti zipatazo 15,000.

Hivyo tathmini haikuwa na ujinga wa historia. Ilichofanya ni kuhitimisha kwamba majengo ya karne ya 19 na ya 20, yenye vyumba chini ya ardhi, yalikuwa yamekwisha kuyafuta makaburi yote, isipokuwa labda machache chini ya kichochoro cha zamani ambako hakukuwahi kujengwa kitu. Hitimisho hilo linasikika la akili mpaka mtu aulize ardhi ilikuwa na sura gani zamani. Pale palikuwa na bonde, likiteremka kuelekea bwawa lililoitwa Collect Pond. Mji ulipopanuka, bonde lilijazwa kifusi ili mitaa iwe sawa, na mahali pengine kifusi hicho kilikuwa na kina cha zaidi ya mita 5. Waliochimba vyumba vya chini baadaye walichimba ndani ya kifusi, na makaburi yakabaki chini yao bila kuguswa. Kulinganisha usawa wa ardhi ya karne ya 18 na ule wa mitaa ya leo ni kazi ya mpimaji mwenye ramani mbili. Kuchimba mashimo machache ya majaribio ni kazi ya vibarua na mwanaakiolojia mmoja. Kazi hizi hazifanywi kwa bidii pale ambapo jibu lake haliwezi tena kubadilisha chochote.

Uchimbaji wa kiakiolojia ulianza 1991, na Oktoba mwaka huo GSA ikatangaza kwamba mabaki ya watu yamepatikana. Yalikuwa mita 5 hadi 8 chini ya usawa wa barabara. Hatimaye ilitolewa mifupa ya watu 419, karibu nusu yao watoto. Mwanamke mmoja, mtu mzima, alikutwa amevaa kiunoni uzi wa shanga zaidi ya 100 pamoja na kauri, na meno yake ya mbele yalikuwa yamechongwa. Msomaji wa Kiswahili hahitaji kuelezwa shanga za kiunoni ni nini, na anaweza kupima mwenyewe maana ya aliyemzika kuziacha pale pale, katika nchi ambayo haikumtambua mama huyo kuwa na kitu chake mwenyewe. Wanaakiolojia waliwatoa watu hawa ardhini wakikimbizana na ratiba ya ujenzi. Februari 1992 zege lilimwagwa kwa kufuata michoro iliyopitwa na wakati, na baadhi ya makaburi yakaharibiwa.

Wakazi weusi wa New York waliandamana, wakakesha pale kwa sala, na Meya David Dinkins akasimama upande wao. Julai 1992 mbunge Gus Savage, aliyekuwa mwenyekiti wa kamati ndogo ya Bunge inayoshughulikia majengo ya umma, aliwaita maofisa wa GSA na kuwabana, na uchimbaji wa makaburi ukasimama. Oktoba, Rais George H. W. Bush alitia saini sheria iliyofuta jengo la ghorofa nne lililokusudiwa kuungana na lile refu, na kutenga fedha za kumbukumbu. Mifupa ilipelekwa Chuo Kikuu cha Howard kufanyiwa utafiti chini ya Michael Blakey, ikazikwa upya 2003. Mwaka 2006 eneo likatangazwa kuwa hifadhi ya kumbukumbu ya taifa, na kumbukumbu yenyewe ikafunguliwa 2007. Serikali, kwa maneno mengine, ililipia michoro mara mbili, ikalipia utafiti, mazishi na kumbukumbu, kisha ikabaki na ardhi ndogo ya kujengea kuliko ile iliyoinunua. Hakuna katika hayo ambacho kisingewezekana kabla ya Desemba 1990 kwa gharama ndogo na kwa heshima kubwa zaidi.

Wapo wanaosema kwamba hoja hii, ikifuatwa hadi mwisho, itazuia ujenzi wowote mjini, kwa kuwa kila kiwanja cha mji wa zamani kina kitu chini yake. Mradi huohuo unawajibu. Mahakama ya Pearl Street ilijengwa. Ina ghorofa 27, inaitwa kwa jina la Seneta Daniel Patrick Moynihan, na inasikiliza kesi hadi leo. Kiwanja chake kilikuwa sehemu ya Five Points, mtaa wa wahamiaji maskini ambao Charles Dickens aliutembelea 1842 na kuuelezea kuwa shimo la uchafu na maovu. Wanaakiolojia walipochimba vyoo vya shimo na visima vya mtaa huo walitoa vitu vipatavyo 850,000: vikombe vya chai, chupa za dawa, vifaa vya ushonaji, mabaki ya chakula. Vitu hivyo viliwalazimu wanahistoria kuusahihisha uvumi wa zamani, kwa sababu vilionyesha familia za wafanyakazi zilizojitahidi kuishi kwa staha. Kwa hiyo tathmini inayochimba haina uadui na jengo. Inatofautisha kiwanja kinachohitaji subira ya msimu mmoja na kiwanja kinachohitaji kuachwa kabisa, na ofisi yoyote inayopanga matumizi ya fedha za umma ingetaka kuujua mpaka huo mapema.

Pingamizi zito zaidi ni la ucheleweshaji. Mahakama si duka la kifahari. Kesi zikirundikana mahabusu hukaa rumande, wajane husubiri mirathi, na kila mwezi unaopotea kwenye makaratasi ni mwezi wa haki iliyocheleweshwa. Nalikubali hilo kwa uzito wake wote. Lakini tuangalie kinachochelewesha mahakama kwa kweli. Mahakama ya shirikisho ya katikati ya Los Angeles ilipangwa kutumika 2006, ikafunguliwa 2016. Ofisi ya ukaguzi ya Bunge la Marekani iliuchunguza mradi huo 2008 na kukuta kwamba Bunge lilikuwa limetenga takribani dola milioni 400, huku makadirio yakiwa yamepanda na kuvuka bilioni 1.1. Sababu ilizozitaja ni za kupanga: jengo lilichorwa kubwa kuliko lililoidhinishwa, wahusika wakabishana juu ya ukubwa na mahitaji, na bei za ujenzi zikaendelea kupanda walipokuwa wakibishana. Mbele ya muongo mzima uliopotea namna hiyo, miezi ya kuchimba mashimo ya majaribio haiwezi kubebeshwa lawama. Mashimo hayo huchimbwa wakati wasanifu bado wako mezani na penseli zao, muda ambao mradi unautumia hata hivyo.

Kuna pia wanaoamini kwamba mazingira ni miti, maji na hewa, na kwamba mifupa ni kazi ya makumbusho. Sheria ya Marekani yenyewe haikubaliani nao. Tangu mwanzo iliitaja hifadhi ya urithi wa kihistoria na wa kitamaduni pamoja na ule wa asili. Hapa ndipo somo linapotufikia sisi moja kwa moja. Tanzania ina Sheria ya Kuhamisha Makaburi ya 1969, na yeyote aliyeshuhudia barabara ikipitishwa kijijini anajua jinsi makaburi yanavyohesabiwa na kufidiwa, ndugu wakiitwa na taratibu za dini au mila zikifuatwa. Utaratibu huo ni mzuri, ila unamtegemea ndugu anayejulikana. Miji ya pwani imejaa makaburi yasiyo na wa kuyasemea, yakiwamo ya watu walioletwa kutoka bara kwa minyororo. Waliozikwa Broadway hawakuwa na mtu hata mmoja awezaye kusema kwa jina, huyu ni bibi yangu. Waliojitokeza kuwasemea walikuwa jamii nzima, nao walisikilizwa baada ya maandamano tu, kwa kuwa hatua ya kukusanya maoni ilikuwa imepita bila wao kujua kinachojadiliwa. Ofisa wa mamlaka ya mazingira ya Tanzania au ya Kenya anayepokea ripoti ya mradi wa mjini afadhali aulize nani angeweza kudai kiwanja hiki kuwa chake kwa kumbukumbu, hata kama hana hati, na je, aliitwa kabla ya zabuni kutangazwa?

Na kazi ya tathmini haimaliziki jengo linapozinduliwa. Vile vitu 850,000 vya Five Points vilihifadhiwa katika chumba cha chini ya jengo namba 6 la World Trade Center. Septemba 11, 2001 viliangamia karibu vyote. Vilisalia 18, kwa sababu vilikuwa vimeazimwa kwa maonyesho. Kilichookoa maarifa ni kwamba uchambuzi ulikuwa umelipiwa na kukamilishwa, na majuzuu ya ripoti yalikuwa yamekwisha kuandikwa mwaka mmoja kabla. Kibali cha ujenzi kinachotamka tu kwamba vitu vya kale vikipatikana vihifadhiwe hakijatamka kitu. Kinapaswa kueleza ni nani atavichambua, kwa fungu lipi la bajeti, ripoti itatoka lini na nakala zake zitawekwa wapi, na vitu vyenyewe vitagawanywa katika ghala zaidi ya moja. Masharti hayo yakiandikwa ndani ya mkataba wa mkandarasi yana nguvu ya kudaiwa mahakamani. Yakibaki kwenye barua ya mapendekezo, hayana.